Anayekoroma Hasikii

Kwetu Pangani neno koroma lina kazi mbili. Kuna kukoroma kwa mtu aliyelala, na kuna koroma la mnazi, lile lililokwisha kupita udafu lakini bado halijawa nazi. Tunda la mnazi lina majina ya umri kama binadamu: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Mama yangu akinunua nazi alikuwa anaitikisa karibu na sikio, na muuzaji akimwapia kwamba imekomaa wakati haijakomaa, anairudisha kwenye fungu taratibu. "Hili koroma, mwanangu. La kukoroma ninalo nyumbani." Sokoni watu wanaangua kicheko. Muuzaji anadhani anamsema mumewe. Sisi watoto tulijua anajisema mwenyewe.

Ndiye mwanamke pekee ninayemkumbuka aliyeweza kulifanyia utani jambo hilo. Wengine tunalificha kama deni.

Si unajua hesabu zetu zilivyo. Mwanamume akikoroma amechoka, ametafuta riziki mchana kutwa, mwacheni baba alale. Mwanamke akikoroma ana walakini. Kanenepa, au hajitunzi, au hakufundwa. Sijawahi kusikia somo akimfundisha mwari namna ya kutokoroma, lakini nimewasikia wanawake wazima wakimcheka mwenzao asubuhi kwa jambo alilolifanya akiwa hana habari. Bwenini, enzi zangu za sekondari, palikuwa na msichana aliyeitwa Trekta. Alikuwa wa kwanza darasani kwa hisabati miaka yote 4. Mpaka leo wakikutana wa rika lile hakuna anayetaja hisabati.

Mimi wakati ule nilikuwa nalala kimya. Kukoroma kulianza baada ya mtoto wa tatu, kukazidi nilipovuka miaka 45. Daktari alikuja kunieleza kwamba ndivyo inavyowapata wengi wetu: hedhi inapoelekea kukoma, ile kinga ya homoni inapungua, na koo linalegea zaidi usiku.

Miaka 6 iliyopita alifariki baba mkwe, Muheza. Anayezijua misiba ya huko anajua mpango wa kulala: wanaume nje chini ya turubai, wanawake ndani, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, wifi kwa shangazi kwa jirani, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Usiku wa kwanza nilitazama ule mkeka niliotengewa, katikati kabisa, nikaenda zangu jikoni. Nikakuna nazi za wali wa kesho. Nikachochea kuni, nikaosha masufuria ambayo yalikwisha kuoshwa. Saa nane za usiku bado nimekalia mbuzi, nakuna, na waliokuja kuchota maji wananipa pole. Usiku wa pili vivyo hivyo. Siku ya tatu, baada ya kisomo, mama mkwe alimwambia mume wangu mbele ya watu kwamba amepata mke, siyo mchezo, mwanamke asiyejua kulala.

Kwenye basi la kurudi Dar es Salaam nilizima hata Segera hatujafika. Nilikuja kusimuliwa miaka kadhaa baadaye kwamba mume wangu alinifunika kanga kichwani, halafu akaenda mbele kumwomba kondakta aongeze sauti ya video. Mpaka Chalinze basi zima lilikuwa linatazama watu wakipigana kwa kelele za ajabu, na hakuna aliyejua kwa nini.

Lakini aibu ni sehemu ndogo ya habari hii, na kama ingekuwa aibu tu ningeimaliza hapa.

Turudi Pangani. Tulilala chumba kimoja na mama, mimi na dada yangu, kitanda cha kamba kando ya chake. Kukoroma kwa mama kulikuwa kama mashine ya kusaga: unaisikia, unaisikia, mwisho huisikii tena. Shida ilikuwa pale inapozimika. Mama ananyamaza ghafla. Ukitazama kwa mwanga wa koroboi unaona kifua kinahangaika kupanda, lakini sauti hakuna. Basi sisi tukabuni mchezo. Mama akikata pumzi nasi tunabana zetu. Atakayeachia kabla ya mama, kashindwa. Dada alikuwa anashindwa kila usiku. Mimi nilikuwa nafika na mama mpaka mwisho, kifua kinawaka, macho yanatoka machozi, halafu yeye anakuja na mkoromo mmoja mkubwa kama mtu aliyeibuka kutoka majini, na mimi navuta hewa pamoja naye.

Alifariki akiwa na miaka 61, usingizini. Presha, ndivyo ilivyoandikwa. Waombolezaji walitufariji kwa maneno ambayo nawe umewahi kuyatumia: kafa kifo cha raha, kalala tu hakuamka. Nilishukuru, maana wanasema kwa wema. Ila mimi nilishabana pumzi na mama yule, mara nyingi tu, na sikumbuki raha.

Sasa vitabu. Nafundisha fasihi, kidato cha tano na cha sita, na kabla ya kuwa kazi kusoma kulikuwa ndiyo starehe yangu. Kuanzia mwaka wa 46 au 47 wa umri wangu starehe hiyo ilianza kunitoka. Nafungua riwaya baada ya chakula cha jioni, nasoma aya, naisoma tena, kidevu hicho kifuani. Riwaya moja ya kurasa 300 ilikaa na alama kwenye ukurasa wa 40 kwa miaka 2. Nikabadilishiwa miwani. Walimu wenzangu wakasema umri, mwalimu, tupo wengi. Siku moja nikirudisha insha, mwanafunzi akanionyesha mstari mwekundu ulioanzia kwenye hoja yake ya pili ukateremka, ukapinda, ukaishia ukingoni mwa karatasi. "Mwalimu, hapa ulimaanisha nini?" Nikamwambia aendelee kufikiri.

Kilichonifikisha kwa daktari ni presha. Nilikuwa natumia dawa za aina 3 na namba haziteremki. Daktari, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, akazitazama zile karatasi, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza kama nina mzio wa dawa: "Mama, unakoroma?"

Ukilifikiria, hilo ni swali la ajabu kumwuliza mtu. Ni kama kumwuliza marehemu amezikwa wapi. Mimi ndiye mtu pekee nyumbani ambaye sijawahi kuwepo ninapokoroma. Huwa nawaambia wanafunzi wamchunguze msimulizi: yuko wapi, anajuaje anachosimulia, nani amemwambia. Hapa nilikuwa mhusika mkuu wa hadithi inayosimuliwa kila usiku na mtu mwingine, na sijawahi kuisikia hata sura moja.

Nikamtazama mume wangu. Yeye akamtazama daktari. "Sana," akasema. Halafu, kwa kuwa mlango umeshafunguka, akaendelea. "Kukoroma kwenyewe si neno, daktari. Kuna kunyamaza. Ananyamaza, mimi naanza kuhesabu. Nikifika 20 namtikisa."

"Tangu lini, baba?"

"Ana miaka kama 7 sasa."

Kumbe kwa miaka 7 nililala na mwanamume anayehesabu. Mchana anakwenda kazini, jioni anasali, anakula, anatania watoto, usiku anakaa zamu. Na hakuwahi kuniambia, kwa sababu angeanzia wapi? Kwetu mtu hamwambii mkewe mambo kama hayo. Ni ustaarabu, na ustaarabu ule ungeweza kunizika.

Daktari alinipa karatasi ya maswali 8. Iliundwa na Murray Johns, daktari wa Melbourne, Australia, mwaka 1991, nayo inaitwa Epworth kwa jina la hospitali aliyofanyia kazi. Unajipa alama 0 hadi 3 kwa kila swali: uwezekano wako wa kusinzia ukitazama televisheni, ukiwa abiria kwa saa nzima bila kupumzika, ukiwa umekaa unazungumza na mtu, ukiwa ndani ya gari lililosimama dakika chache kwenye foleni. Ukivuka 10 kati ya 24, usingizi wako wa mchana umezidi kawaida. Mimi nilipata 16. Nina ugomvi kidogo na karatasi hiyo, kwa sababu foleni ya dakika chache ni foleni ya Melbourne. Panda daladala Ubungo saa kumi na moja jioni uone watu wanavyolala wima, mkono mmoja umeshika bomba. Kwa kipimo hicho jiji zima ni wagonjwa. Lakini swali la kwanza kabisa kwenye orodha, namba moja, ni ukiwa umekaa unasoma. Nililitazama kwa muda. Huyu mtu wa Melbourne alikuwa ameniona.

Kipimo chenyewe nilikifanyia nyumbani. Mkanda kifuani wenye kisanduku, kijibomba chini ya pua, kibanio chenye taa nyekundu kidoleni. Usiku mmoja. Majibu: pumzi yangu ilikuwa inakatika au kupungua sana mara 19 kwa saa, na kila mara ihesabiwayo hudumu sekunde 10 au zaidi. Kuanzia 5 hadi 15 ni ugonjwa mwepesi, 15 hadi 30 ni wa kati, juu ya 30 ni mkali. Oksijeni ilishuka mpaka asilimia 81. Nikapiga hesabu ya usiku wa saa 7: mara 133. Kila mara ubongo unashtuka, unaukaza mwili kidogo tu ili koo lifunguke, halafu unaurudisha usingizini bila kumwarifu mwenyewe. Moyo unadunda, presha inapanda. Mume wangu aliposikia 19 alionekana kutoridhika. Alidhani ni nyingi zaidi.

Nilipoanza kusoma kuhusu huu ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini nilikutana na mtu ninayemfahamu. Charles Dickens, katika riwaya yake ya kwanza, *The Pickwick Papers*, iliyotoka kwa vipande mwaka 1836 na 1837, ana kijana mtumishi mnene aitwaye Joe ambaye analala popote: amesimama, anahudumia meza, anabisha hodi. Anakoroma. Wasomaji walimpenda kwa kicheko. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani walipoandika kuhusu mgonjwa mnene aliyekuwa akisinzia hovyo na damu yake ikikosa hewa ya kutosha, wakaupa ugonjwa wake jina linalotokana na riwaya hiyo. Ugonjwa huo ni ndugu wa wangu, si huohuo hasa. Lakini fikiria: kwa miaka 120 watu walikuwa wanamcheka mgonjwa, na mwandishi alikuwa amemweleza vizuri kiasi kwamba madaktari waliweza kumtambua kutoka ukurasani. Simlaumu Dickens. Aliangalia kwa makini, na hiyo ndiyo kazi. Ila tangu siku hiyo kila nikisoma mlevi au mzee wa kijiji "akikoroma kama nguruwe" ili tucheke, hujiuliza nani amelala chumba cha pili akihesabu.

Tiba ya kwanza niliyojaribu ni mashine. Inapuliza hewa kwa bomba hadi kwenye barakoa iliyofungwa puani, na mkandamizo wa hewa hiyo unalizuia koo lisifunge. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney ndio walioieleza mwaka 1981, na mpaka leo kwa ugonjwa mkali hakuna cha kuishinda. Nataka nisieleweke vibaya: najua mwanamume wa ofisi moja na mume wangu ambaye mashine hiyo imemrudisha duniani, hasafiri bila hiyo. Mimi niliazimwa kwa mwezi mmoja. Ikiwashwa nalala vizuri. Lakini umeme ukikatika saa tisa usiku unazinduka na kitu usoni kisichopuliza chochote, gizani, na kwa mtu aliyekua akibana pumzi pamoja na mama yake hiyo si hali nzuri. Wiki ya tatu nilikuwa naivua usingizini bila kujua. Asubuhi naikuta chini ya kitanda, kamba zake zimelegezwa kwa ustadi.

Ndipo yule binti akaniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa meno.

Nilidhani ananifukuza kwa adabu. Meno yanahusiana nini na pumzi? Yanahusiana kwa njia ya ulimi. Ulimi haukuwekwa tu mdomoni kama kijiko kwenye kikombe; umeshikizwa, na shina lake la mbele limejifunga kwenye taya la chini, upande wa ndani. Tukilala misuli inalegea, taya linarudi nyuma, ulimi unafuata na kulikaribia koo. Njia ya hewa ikibaki nyembamba, hewa inapita kwa nguvu na kutikisa kaakaa laini na kimio: huko ndiko kukoroma. Ikiziba kabisa, unakuja ule ukimya. Sasa ukilivuta taya mbele, ulimi unakuja nalo. Aliyesomea huduma ya kwanza anajua: mtu aliyezirai akikoroma vibaya unashika pembe za taya lake, unalisukuma mbele, hewa inapita. Kifaa hiki kinafanya hivyohivyo, kwa adabu zaidi, usiku kucha. Wazo lenyewe ni la kale kuliko mashine ya hewa. Pierre Robin, daktari Mfaransa wa mambo ya kinywa, alieleza kifaa cha kusogeza taya mwaka 1902, na mwaka 1923 akaandika kuhusu ulimi kuangukia nyuma na kuziba pumzi. Jina lake wamebaki nalo watoto wanaozaliwa na taya dogo la chini.

Daktari wa meno hakukimbilia kutengeneza chochote. Alihesabu meno yangu, kwa sababu kifaa kinahitaji meno ya kutosha ya kushikilia, yenye fizi nzima. Akaziba jino moja lililotoboka. Akaweka vidole mbele ya masikio yangu akaniambia nifungue na kufunga, anasikiliza maungio ya taya kama mama alivyokuwa anasikiliza nazi. Kisha nikasukuma taya la chini mbele kadiri ya uwezo, yeye na rula ndogo: milimita 9. "Tutaanza na 5," akasema. "Mengine tutaongeza polepole."

Kisha zile nakala. Wenye bahati huchukuliwa picha kwa kamera. Mimi nilijazwa mdomoni sahani ya chuma yenye ujiuji wa rangi ya waridi unaonukia mnanaa, na sehemu yake ikawa inaelekea kooni. "Pumua kwa pua, mama. Nyanyua mguu mmoja, utazame vidole." Ukitazama vidole vya miguu unasahau kutapika, sijui kwa nini, lakini ni kweli. Kutoka kwenye ujiuji ule zikatoka sanamu mbili za plasta: meno yangu yote, na pengo la gego nililong'oa nikiwa na mimba ya pili. Zikafungwa kwenye boksi zikapelekwa kwa mafundi Afrika Kusini. Meno yangu yamepanda ndege. Mimi bado.

Bei sitaitaja, ila tulikuwa tunataka friji mpya na friji ya zamani bado ipo. Bima haikugusa hata shilingi; kwao kukoroma ni tabia. Kuna vya rahisi, vya kununua mtandaoni, unavitumbukiza kwenye maji ya moto vikilainika unaviuma vishike umbo. Daktari hakuvibeza sana, alisema tu kwamba havikai vizuri, vinachomoka, na huwezi kuvirekebisha kwa vipimo vidogo. Mwaka 2015 vyama viwili vya kitabibu vya Marekani, kimoja cha madaktari wa usingizi na kingine cha madaktari wa meno wa fani hiyo, vilitoa mwongozo wa pamoja unaosema karibu jambo hilohilo: mgonjwa asiyeivumilia mashine, au anayetaka njia nyingine, apewe kifaa kilichotengenezwa kwa mdomo wake mwenyewe na kinachoweza kurekebishwa, halafu apimwe tena. Hilo la kupimwa tena ndilo muhimu. Kukoroma kunaweza kuisha na kukatika pumzi kukabaki, na hapo umemnyang'anya mlinzi wako kengele yake.

Kilirudi baada ya wiki 5. Vipande viwili vya plastiki ngumu inayoangaza, kimoja cha juu kimoja cha chini, vimeunganishwa kwa skrubu ndogo pembeni. Mwenyewe nakiita lijamu. Wanafunzi wa leo hawalijui neno hilo: ni kile chuma cha mdomoni mwa punda au farasi, kinachofungwa hatamu. Mume wangu hakulipenda jina, akasema linanidhalilisha. Nikamwambia mdomo ni wangu, na jina ni langu.

Usiku wa kwanza nilitoa mate kama mtoto anayeota meno. Mto uliloa. Nilipotaka kumwambia usiku mwema ilitoka "uthiku mwema", tukacheka mpaka nikakitoa nikakivaa upya. Siku hizi dua na maneno yote ya muhimu husemwa kabla. Nikishavaa, mazungumzo yamefungwa, na ugomvi wowote unasubiri alfajiri. Asubuhi za mwanzo taya liliuma hadi masikioni na meno hayakukutana. Unauma chapati, ya juu yako huku, ya chini yako kule. Kuna kidude kingine unakiuma dakika chache baada ya kuamka mpaka taya likumbuke kwao. Kila baada ya siku kadhaa mume wangu alikuwa anazungusha skrubu kwa ufunguo mdogo kama pini, upande huu mara moja, upande ule mara moja, miwani puani, mkono hautetemeki. Ananirekodi kwa simu usiku, asubuhi tunasikiliza pamoja tukinywa chai. Ndivyo nilivyokuja kuisikia ile hadithi. Ilikuwa sauti ya mama.

Niliposikiliza mara ya kwanza, kwenye ile rekodi ya kabla ya kifaa, sikungojea mwisho. Ulipoanza ukimya nilijikuta nimebana pumzi, mezani, kikombe mkononi. Mume wangu akaizima simu.

Baada ya miezi 3 nikapimwa tena nikiwa nimekivaa. Kutoka 19 tukafika 6. Bado nimevuka ile 5, kwa hiyo kwa kanuni mimi ni mgonjwa mwepesi. Oksijeni haikushuka chini ya 88. Presha bado ninayo na dawa ni zilezile, ila namba zimetulia, na yule binti anatabasamu akiziandika. Meno huenda yakasogea kidogo kadiri miaka inavyokwenda; nimeelezwa, nimekubali, nakwenda kukaguliwa kila miezi 6. Riwaya ya kurasa 300 nimeimaliza. Haikuwa nzuri kama nilivyotarajia, mwisho wake umelazimishwa, na sijui niseme vipi jinsi nilivyofurahi kuichukia nikiwa macho.

Aliyesumbuka na kifaa kuliko wote ni mume wangu. Wiki za mwanzo hakulala kabisa. Kwa miaka 7 alilala kwa kusikiliza, na ukimya kwake ulikuwa na maana moja. Sasa usiku mzima ulikuwa kimya. Nilikuwa nashtuka saa tisa nakuta kiganja chake mgongoni mwangu, kinapima kama kinapanda. Mara nyingine alinitikisa kabisa. "Nini?" nauliza, kwa lugha ya lijamu. "Hamna. Lala." Tukajaribu feni, angalau kuwe na kelele. Tukajaribu redio kwa sauti ya chini. Mwishowe tukaafikiana kwamba nilale nimempa mgongo, uugusane na wake, asihitaji kunyoosha mkono.

Amezoea. Ana kama miezi 2 sasa analala fofofo, usingizi wa pono, mpaka adhana. Na kwa kuwa mimi nimelala vya kutosha, siku hizi huamka mapema, kabla hakujapambazuka, nikabaki kitandani nasikiliza jogoo wa jirani. Jumanne iliyopita nikasikia mkoromo. Mdogo, wa mtu mwembamba. Ukaenda, ukaenda, ukanyamaza.

Nikafika 14 ndipo akavuta. Nimeshaanza kumrekodi.